Crossmaglen: makombe sita kwenye mji wa watu 1,600, na kwa nini hadithi ya helikopta haitoshi

Ukitaja Crossmaglen kwa mtu anayefuatilia michezo ya Kigaeli kule Ayalandi, cha kwanza atakachokwambia ni helikopta. Atakwambia wale jamaa walikuwa wanafanya mazoezi huku helikopta za jeshi la Uingereza zinashuka pembeni ya uwanja, mpira ukivuka ukuta wa kambi ndo basi tena, na ndo mana wakakomaa vile mpaka wakabeba ubingwa wa klabu wa Ayalandi nzima mara sita. Hadithi tamu, na karibu kila kipande chake ni kweli, kasoro hiyo "ndo mana". Kwa ninavyoona mimi, jeshi linaelezea kwa nini klabu ilikataa kufa ila halielezi hata kidogo kwa nini ilishinda, na watu wanaochanganya hayo mawili wanaikosa sehemu yenye faida kwa yeyote anayehangaika na klabu ya mtaani kwake.

Kwa asiyeijua hii michezo twende harakaharaka. Chama chao, GAA (Gaelic Athletic Association), kiliundwa Thurles kaunti ya Tipperary tarehe 1 Novemba 1884, mwalimu Michael Cusack na mwanariadha Maurice Davin wakiwa mbele. Kinasimamia halingi, ule mchezo wa magongo na mpira mdogo mgumu, na mpira wa Kigaeli, ambao unachezwa 15 kwa 15, unadaka kwa mikono, unapiga kwa mguu, unapasia kwa ngumi, na goli lina umbo la herufi H. Ukipitisha chini ya mwamba ni goli, thamani yake pointi tatu, ukipitisha juu ni pointi moja (tangu 2025 pigo la kutoka mbali linahesabiwa mbili, wazee wengine mpaka leo wananuna). Matokeo yanaandikwa goli kwanza pointi baadaye, kwaiyo ukiona 1-12 jua ni pointi 15. Na hakuna mchezaji anayelipwa mshahara. Hata yule anayecheza fainali Croke Park, uwanja mkuu wa GAA pale Dublin, mbele ya watu elfu 82, Jumatatu au Jumanne yuko darasani anafundisha au yuko saiti anapiga plasta.

Kitu kingine ambacho ni lazima kieleweke kabla hatujaenda mbele: unachezea kwenu. Klabu inafuata parokia au eneo, umezaliwa hapo, unachezea hapo, na kuhama klabu bila kuhama makazi kweli kweli ni kesi ndefu. Kaunti nayo ni hivyohivyo. Hamna dirisha la usajili, hamna wakala, hamna tajiri wa kuja kununua mastraika watatu msimu ukianza. Ukiwa na golikipa mbovu dawa yake ni kumfundisha huyohuyo, au umsubiri mdogo wake akue.

Sasa Crossmaglen yenyewe. Ni mji mdogo, watu kama 1,600, kusini kabisa mwa kaunti ya Armagh, kilomita chache tu kutoka mpaka unaotenganisha Ayalandi ya Kaskazini na Jamhuri. Klabu inaitwa Crossmaglen Rangers, ya tangu 1887, na uwanja wao umepewa jina la Mtakatifu Oliver Plunkett, yule askofu mkuu wa Armagh aliyenyongwa London mwaka 1681. Vurugu za Kaskazini, kati ya waliotaka kubaki Uingereza na waliotaka kuungana na Jamhuri, zilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1970 jeshi likaweka kambi pale mjini, ukuta kwa ukuta na uwanja, likachukua na kipande cha ardhi ya klabu. Barabara za Armagh kusini zilikuwa zinategwa mabomu kiasi kwamba jeshi lilikata tamaa ya kupita chini, kila kitu kikawa kinapelekwa kwa helikopta, wanajeshi, chakula, mpaka takataka zinaondoka kwa hewa. Merlyn Rees, waziri wa Uingereza aliyekuwa anasimamia Kaskazini, ndo aliyelibandika lile eneo jina la nchi ya majambazi. Kwaiyo fikiria mtoto wa miaka nane anafundishwa kudaka mpira wa juu, upepo wa mapanga ya helikopta unakuja, kocha anasimamisha zoezi, wanasubiri, ndege inaondoka, wanaendelea. Na hiyo sio siku moja, ni miaka na miaka.

Wangeweza kuhama. Ardhi ya kucheza ingepatikana nje kidogo ya mji, wakulima wako wengi pale. Hawakuhama. Kamati iligoma, ikabishana na wizara, ikabishana na jeshi, mashabiki na wachezaji wakawa wanasimamishwa na kupekuliwa njiani, na mechi zikaendelea. Hapo nawavulia kofia na hapo ndo nakubali kwamba kambi ilichangia, maana ukishaambiwa uwanja wako unaweza kuchukuliwa unaanza kuuhudhuria hata siku ambayo ungelala. Klabu ikawa sehemu pekee ambayo watu wa pale waliona ni ya kwao moja kwa moja.

Lakini angalia tarehe. Jeshi limeingia mwanzoni mwa 70. Crossmaglen wamebeba ubingwa wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa kisiwa, kwa mara ya kwanza 1996 (bingwa wa kaunti anaenda jimbo, bingwa wa jimbo ndo anagombea Ayalandi nzima). Hapo katikati ni robo karne ya helikopta bila taji la jimbo hata moja! Kwenye kaunti yao wenyewe miaka ya 70 wababe walikuwa Clan na Gael ya Lurgan, mji mkubwa zaidi upande wa kaskazini wa Armagh, ambao walichukua Ulster mara tatu mfululizo, 1972, 73 na 74. Kama kero ya jeshi ndo inazaa mabingwa basi Forkhill na Bessbrook, vijiji vya Armagh kusini, nako kulikuwa na kambi, Bessbrook kulikuwa na kiwanja cha helikopta chenye pilika kuliko karibu vyote Ulaya, mbona klabu za huko hazina makombe sita? Kwaiyo mateso peke yake hayatoshi. Mateso yanakupa watu wa kuja kwenye kikao, kikao chenyewe kinaamua nini ndo swali.

Nikiangalia kilichobadilika katikati ya miaka ya 90 naona vitu viwili vimekutana.

Kwanza kizazi. Pacha wa McEntee, John na Tony, Oisín McConville, Francie Bellew yule beki ambaye washambuliaji walikuwa wanamuota usiku, hawa wote walikulia kwenye timu za watoto za klabu hiyohiyo, umri wao umepishana miaka michache tu. Kundi kama hili haliagizwi. Ila linaweza kupotea, na klabu nyingi zinalipoteza, vijana wanafika 17, 18, mmoja anaenda chuo, mwingine pombe, mwingine London kwenye ujenzi, basi kwisha habari. Kuwashikilia ilikuwa kazi ya watu wasiojulikana hata jina, wale wa kufungua geti Jumamosi asubuhi, na nitarudi kwao.

Pili Joe Kernan. Huyu ni mtoto wa palepale, kachezea Crossmaglen na kaunti ya Armagh miaka ya 70 na 80. Fainali ya Ayalandi nzima ya 1977 alifunga magoli mawili na bado Armagh wakapigwa na Dublin 5-12 kwa 3-6, kipigo cha aibu. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishia kuwa mzee wa baa anayesimulia magoli yake mawili. Yeye akaingia kufundisha kwao. Akawapa vijana utaratibu ambao kwa wakati ule klabu nyingi za kijijini hazikuwa nao, mazoezi yenye mpango, lishe, kuwasoma wapinzani, na zaidi ya yote akaondoa ile hali ya kuridhika na kombe la kaunti. Kwa sababu hilo ndo gonjwa la klabu ndogo, ukishamfunga jirani yako mwaka mzima unatembea kifua mbele, mambo ya jimbo unawaachia wakubwa.

Matokeo yakaja kwa kasi. Machi 1997 wanaifunga Knockmore ya Mayo kwenye fainali, 2-13 kwa 0-11. 1999 wanaifunga Ballina Stephenites kwa pointi moja tu, 0-9 kwa 0-8, mechi ya kubanana mpaka raha hamna. 2000 wanawapiga Na Fianna wa Dublin, 1-14 kwa 0-12. Zote tatu Croke Park siku ya Mtakatifu Patrick, na kombe lenyewe linaitwa Andy Merrigan, mchezaji wa Castletown ya Wexford aliyefariki kwa ajali. Na kwenye kaunti, sikiliza hii, kuanzia 1996 mpaka 2008 hakuna timu nyingine iliyokuwa bingwa wa Armagh. Miaka 13 mfululizo, mpaka Pearse Óg walipoikata 2009.

Kuna tukio moja la Kernan ambalo linasimuliwa sana na naliweka hapa kwa sababu linaonyesha anavyofikiri. Mwaka 2002 alikuwa amepewa timu ya kaunti, Armagh, kaunti ambayo haijawahi kubeba Sam Maguire, kombe la ubingwa wa kaunti wa Ayalandi nzima, toka dunia iumbwe. Fainali dhidi ya Kerry, wafalme wa huu mchezo. Mapumziko wako nyuma kwa pointi nne, Oisín McConville kakosa penati, chumba kimenyamaza. Kernan akatoa ile ngao ndogo aliyopewa 1977 kama mshindi wa pili, miaka 25 ameitunza, akawaambia wachezaji kwamba ukishindwa hiki ndo unarudi nacho nyumbani, alafu akaitupa ukutani upande wa mabafu ikapasuka vipande. Kipindi cha pili Kerry walipata pointi tatu tu. McConville aliyekosa penati akafunga goli. 1-12 kwa 0-14. Armagh mabingwa kwa mara ya kwanza.

Watu wanaipenda hiyo kwa sababu ya drama. Mi kinachonivutia ni kwamba mtu mwenye ngao yupo. Yani aliyepoteza 1977 bado yuko kwenye mchezo 2002, hajaenda popote, na hasira yake ya miaka 25 imehifadhiwa mahali ambapo ina faida. Nadhani hapa ndo kisa chote kilipo. Crossmaglen hawakushinda kwa sababu walikuwa na kocha mkali kipindi fulani, wamewahi kuwa naye, kaondoka kwenda kaunti, na walishinda tena bila yeye. 2007 kocha alikuwa Donal Murtagh, mtu wa hapohapo, wakaifunga Dr Crokes ya Killarney baada ya kurudia mechi. 2011 na 2012 makocha walikuwa Tony McEntee, yuleyule pacha wa kizazi cha 97, akiwa na Gareth O'Neill, na uwanjani safari hii kulikuwa na watoto wa Joe Kernan, wameshakua, wanacheza. 2011 wakaifunga St Brigid's ya Roscommon, 2012 wakawapiga Garrycastle ya Westmeath kwenye mechi ya marudiano 2-19 kwa 1-7, huo sio ushindi ni mauaji. Umeona mzunguko? Mchezaji anakuwa kocha, mtoto wake anakuwa mchezaji, na hakuna mahali kwenye huo mnyororo ambapo mtu kutoka nje ameletwa kwa hela.

Sasa wale wa geti. Ukitaka kuijua klabu ya GAA usiende siku ya fainali, nenda Jumamosi asubuhi ya kawaida. Utakuta watoto wa chini ya miaka minane hamsini wanakimbizana kama kuku, jezi zinawafika magotini, na watu wazima sita saba ambao nusu yao watoto wao walishamaliza kucheza zamani. Mmoja anachora mistari. Mmoja ana funguo, kila klabu ina mtu mwenye funguo na akienda safari kila kitu kinasimama. Jikoni kuna mtu anakata sendwichi za timu ngeni maana ni aibu wageni kuondoka bila chai. Kwenye mechi kubwa kidogo kuna waamuzi wa goli, wanne, wawili kila upande, kwa desturi wanavaa koti jeupe refu kama la mchinja nyama, goli wanapeperusha bendera ya kijani, pointi bendera nyeupe, na mara nyingi ni ndugu au marafiki wa refa ambao kaja nao kwenye gari lake. Hela inatoka kwenye bahati nasibu ya klabu ya kila wiki, kiingilio cha mechi, duka au baa fulani imeweka jina kifuani, alafu kuchangishana. Hakuna anayelipwa na bado kuna mhasibu, kuna katibu, kuna ofisa wa ulinzi wa watoto ambaye ni lazima awepo kwa kanuni, na kuna mabishano ya kamati ya kufa mtu kuhusu nani aliacha taa zinawaka.

Hiyo kazi inachosha na watu wanaipamba sana. Mara nyingi anayejitolea miaka 30 nyumbani kwake kuna mtu analipia kwa kukaa peke yake jioni. Na mzigo unaangukia familia zilezile, majina matano sita, ukiangalia orodha ya kamati ya klabu nyingi za vijijini utadhani ni ukoo umekutana kugawana mirathi. Ina ubaya wake, mgeni akihamia pale kupenya ni kazi, na mtoto wa jina kubwa anaweza kupewa namba mapema kuliko wa jina dogo. Sijaona klabu ya mtaa popote duniani iliyopona huo ugonjwa.

Kuna upande mwingine ambao washabiki wa hiki kisa wanauruka, nao ni Oisín McConville. Mtu kacheza fainali zote hizo, ana medali za klabu na ya Armagh, na muda wote huo, kwa maneno yake mwenyewe aliyoyatoa hadharani baadaye, alikuwa mtumwa wa kamari. Alikuwa anashinda Jumapili na kuzama Jumatatu. 2005 akaingia kituo cha matibabu, akatoka, akaanza kuzungumza waziwazi, na leo anafanya kazi ya ushauri kwa waraibu pamoja na kufundisha mpira. Naliweka hili kwa sababu wale wanaosema klabu inaokoa vijana wanasahau kwamba kijana anaweza kuwa katikati ya klabu bora nchini, watu wanaomjua tangu yuko tumboni wamemzunguka, na hakuna aliyeona. Au waliona wakanyamaza maana alikuwa anafunga. Sasa hivi GAA imepiga marufuku kampuni za kamari kudhamini timu zake, marufuku ya tangu 2018, na nadhani ushuhuda wa watu kama yeye ulikuwa na mchango mkubwa kuliko kikao chochote.

Na siasa? Haziwezi kuachwa. Kanuni ya 21 ya GAA ilikuwa inakataza wanajeshi wa Uingereza na polisi wa Kaskazini kuwa wanachama. Ilifutwa Novemba 2001, na kwenye kura hiyo kati ya kaunti sita za Kaskazini ni Down peke yake iliyounga mkono kufuta, Armagh walikataa. Kwa nje unaweza kuwaona wabishi, mkataba wa amani umesainiwa 1998 bado mnang'ang'ania nini. Ila mtu ambaye bado anaangalia mnara wa jeshi kutoka kwenye kona yake ya kupigia mpira, kumwambia asamehe kwanza alafu ardhi atarudishiwa baadaye, hiyo si haki. Ardhi ilianza kurudi mwishoni mwa miaka ya 90, jeshi lenyewe likaondoka kabisa 2007, mwaka uleule wa kombe la nne.

Tuje kwenye swali ambalo naulizwa nikisimulia hiki kisa, kwamba inawezekana kuiga? Sehemu ya parokia huwezi kuiga, imejengwa miaka zaidi ya 130. Lakini angalia Waayalandi wenyewe wakihama wanafanya nini. Muscat kuna klabu inaitwa Clann na hOman, Dubai kuna Dubai Celts, walimu na manesi na mainjinia waliotoka kaunti tofauti, watu ambao kwao wangekuwa wapinzani wa jadi, wanafika ugenini na kitu cha mapema wanachotafuta ni uwanja na watu 15. Pale hakuna kuzaliwa hapo, hakuna babu. Kilichobebwa kutoka nyumbani ni ile tabia kwamba ukimaliza kucheza hujamaliza, kuna kazi inakusubiri. Hiyo nadhani inabebeka. Klabu zetu nyingi za mtaa zinaanza na mfadhili mmoja, jezi mpya, basi la kukodi, kelele, na mfadhili akikasirika au akikosa ubunge mwaka unaofuata hakuna hata mtu wa kurudisha nyavu stoo, kwa sababu wale wachezaji wa zamani wote wako kijiweni wanachambua Arsenal.

Crossmaglen wenyewe hawako salama. Vijana wanaenda Dublin na Belfast kutafuta kazi, wengine Australia, klabu za vitongoji vya Dublin zina wanachama maelfu wakati kuna parokia za vijijini zinashindwa kutimiza 15 na zinaungana na mahasimu ili zipate timu ya watoto. Wao bado wanatoa watu, Armagh ilipobeba Sam Maguire tena 2024, ikiifunga Galway 1-11 kwa 0-13, Rian na Oisín O'Neill wa Crossmaglen walikuwemo. Ila taji la Ulster la klabu la mwisho ni la 2015, yale yote ni 11, na siku hizi klabu za Derry na Down ndo zinatamba.

Na kuna jambo lingine linakuja ambalo mi naliona zito kuliko makombe. Mpira wa Kigaeli wa wanawake una chama chake tangu 1974, kamogi, yani halingi ya wanawake, ina chama chake tangu 1904, na lengo ni hivi vyama viwili viunganishwe na GAA kuwa kitu kimoja ifikapo 2027. Kwa klabu ya kawaida maana yake ni timu za wasichana kugawana uwanja, vyumba na hela sawasawa na wavulana, sio tena kupewa saa tatu usiku baada ya kila mtu kumaliza. Nyasi ni zilezile, taa ni zilezile na wa kujitolea ni walewale ambao tayari wamechoka. Ratiba ya Jumanne na Alhamisi jioni itagombaniwa, na ningependa sana kujua kamati za klabu kama hii zitampa nani saa moja jioni.